UZI: Speya za pikipiki kutoka nje, zipi uchukue kopi na zipi usithubutu (Chuga, yani Arusha, na Moshi tukutane hapa)

Fundi wa Mbauda

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu, maana pale gereji mabishano ni yaleyale kila siku. Mteja anakuja na kifaa mkononi katoka kukinunua mjini, swali la kwanza fundi hii ni ya Mchina au ya Mhindi, ukimwambia ya Mchina anakunja sura, ukimwambia ya Mhindi roho inatulia, na kifaa chenyewe hata hajakitoa kwenye nailoni akakishika. Mi nasema wazi, hilo swali linatumalizia hela na linaumiza watu barabarani.

Chukulia China. Mji wa Chongqing peke yake ndo nyumbani kwa Lifan, Loncin na Zongshen. Huyo Loncin ndo aliyewatengenezea BMW wa Ujerumani injini za F 750 GS na F 850 GS, yale mapikipiki makubwa ambayo wazungu wanashuka nayo kutoka Nairobi wanavuka Namanga wanapita hapa Chuga kuelekea kusini. India nako hivyohivyo, TVS kwenye kiwanda chake cha Hosur ameunda BMW G 310, na Bajaj pale Chakan karibu na Pune anaunda pikipiki ndogo za KTM. Watu wenye uwezo huo hawashindwi kutengeneza sproketi ya bodaboda, lile duara la meno linaloshika cheni. Lakini nchi hizohizo ndo zinatuletea sproketi inayoisha meno hata mvua za masika hazijakatika.

Kinachotofautisha ni oda. Mwagizaji anaulizwa anataka bei gani, akitaja, kiwanda kinashusha gredi mpaka ifike pale kwenye bei yake. Chuma kinakuwa laini na hakipikwi kikakomaa, lainingi ya breki inapungua unene, waya wa koili unakuwa alumini iliyopakwa shaba juu, sili inakuwa raba ambayo ikionja oili ya moto inakakamaa. Na boksi linachapwa anavyotaka mwenye oda, akitaka liandikwe Japan litaandikwa Japan. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na kontena lenye sproketi tatu zinazofanana rangi na umbo, zimetoka mji mmoja, na moja tu ndo ya kazi.

Kingine ambacho wengi hawakijui, Bajaj na TVS hawatengenezi kila kifaa wenyewe. Cheni, plagi, beringi, tairi, wananunua kwa viwanda vingine. Mfano cheni za Rolon ni za L.G. Balakrishnan wa Coimbatore, yeye anayauzia makampuni ya pikipiki ya India na hapohapo anauza sokoni kwa jina lake. Ukipata boksi la namna hiyo, lenye jina la aliyekitengeneza kifaa, mara nyingi unapata mali nzuri bila kulipia nembo ya pikipiki. Mi wateja wangu wa boda nawapeleka huko zaidi kuliko kwenye jenuini, yani ile yenye nembo ya kampuni ya pikipiki, maana jenuini bei imesimama na dukani haipatikani kila siku. Shida ni kwamba hayo majina mazuri ndo yanayoigwa kuliko yote.

Na hapa tuwekane sawa, feki na kopi tusizichanganye. Kiwanda kikitengeneza brek shuu za kuingia kwenye Boxer, pikipiki ya Bajaj, kikaandika jina lake chenyewe, hiyo ni kopi, inaweza kuwa nzuri inaweza kuwa mbovu lakini haijakudanganya ni nani. Feki ni ile plagi iliyoandikwa NGK, jina kubwa la plagi, wakati NGK hajawahi kuiona. Kopi unaipima. Feki usiiguse hata kama fundi anakwambia inafanya kazi, maana mtu aliyeiba jina hana sababu ya kuhangaika na kilichomo ndani.

Msimamo wangu kwenye hela ni huu: breki, tairi, beringi za magurudumu, cheni na sproketi, hapo toa hela hata kama inauma. Vioo, madigadi, indiketa, kava za pembeni, pedo za miguu, taa ya nyuma, chukua kopi yoyote inayokaa vizuri na usione aibu. Injini iko katikati na ina maneno mengi, tutaifikia huko chini.

Nianze na cheni kwa sababu ndo inaongoza kwa kuletwa pale kwangu. Boda nyingi hizi zinavaa 428 au 428H. Ile 4 ya mwanzo inasema umbali kati ya pini na pini ni nusu inchi, yani milimita 12.7, na H inamaanisha vibao vya pembeni ni vinene zaidi. Sasa chukua futi, vuta cheni inyooke, hesabu kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya ishirini na moja. Cheni mpya lazima isome milimita 254. Ikifika kama 259 imeisha, toa. Nimeshapima cheni mpya kutoka kwenye boksi ikawa imeshazidi 254 na haijawahi kuona barabara, hiyo irudishe palepale. Angalia pia vibao, cheni ya kweli imegongwa jina na namba kwenye vibao vyenyewe, ikiwa imeandikwa kwenye boksi tu na chuma kiko kitupu jiulize mara mbili.

Sproketi chukua tupa ndogo, msasa hautoshi, tupa. Sugua ncha ya jino moja kidogo tu. Ikiteleza bila kung'ata, jino limepikwa. Ikikwangua chuma kikatoka unga, hilo jino ni laini na cheni italila. Nyingi zilizopikwa utaona hata rangi ya meno imekolea tofauti na katikati. Af msiniletee habari ya kuweka cheni mpya kwenye sproketi ya zamani, mtaua cheni nzuri alafu mseme fundi kaniuzia feki.

Karibuni, kila mtu alete anachokijua.

chalii_wa_unga

Fundi umeongea kinoma ila sisi wa hesabu mbona umetusahau. Mi naendesha pikipiki ya bosi, hesabu inatoka kila siku iwe mvua iwe jua, cheni seti nzuri ni karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Hiyo hela siku naihitaji sina. Kopi naipata asubuhi nafunga narudi kijiweni. Nyie mnaosema nunua nzuri mnaongea mkiwa mmekaa.

Fundi wa Mbauda

Chalii yangu nakuelewa na sikulaumu, ila twende kwenye hesabu. Ukifunga seti ya bei ya chini, ikaisha ukafunga nyingine, ikaisha ukafunga ya tatu, hapo umeshafika bei ya ile nzuri. Juu yake ongeza hela ya ufundi mara tatu, na ongeza zile saa ulizokaa kwenye benchi langu wakati wenzako wanabeba abiria, hizo saa hakuna anayezihesabu lakini bosi hesabu yake anaitaka palepale. Na cheni mbovu haifi kistaarabu, inakatika ukiwa umepakia unapandisha, inajikunja pale kwenye sproketi ya mbele inapasua kava ya injini. Kava ikipasuka tunaongea lugha nyingine kabisa.

Kama hela haitoshi kwa mkupuo, ongea na bosi wako cheni na breki ziwe juu yake, maana chombo ni chake. Ukiwa kwenye mkataba wa pikipiki iwe yako baadae ndo kabisa, unajiharibia mali yako mwenyewe.

mangi_wa_pasua

Moshi tumefika. Nyie wa Chuga mnaongelea cheni, sisi huku kwetu ni breki kwanza mengine baadae. Mtu anashuka kutoka Kibosho au Uru na mikungu ya ndizi nyuma, au abiria wawili na mzigo, mteremko kilomita kwa kilomita, mguu uko kwenye breki muda wote. Drami, lile bakuli la gurudumu ambamo brek shuu zinabana, inachemka mpaka ukimwagia maji inafuka.

Kuna brek shuu nilifungiwa kutoka duka moja mjini, silitaji jina, boksi zuri linang'aa. Kwenye lami ya mjini zilikuwa safi tu. Siku nashuka na mzigo nikasikia harufu, alafu tairi la nyuma likashika lenyewe bila mi kukanyaga. Bahati nilikuwa mwendo mdogo na barabara ilikuwa kavu, nikaanguka upande wa kahawa badala ya upande wa korongo. Kufungua, lainingi imebanduka mzima mzima kutoka kwenye kiatu chake ikajibana kati ya kiatu na drami. Gundi ilikuwa imeyeyuka. Tangu siku hiyo kwenye breki sisikilizi stori ya bei.

Fundi wa Mbauda

Pole sana mangi, na ahsante kuleta hii maana ndo mfano niliokuwa nautafuta. Brek shuu sio lainingi tu, ni lainingi, kiatu cha alumini, na ile gundi katikati ambayo inatakiwa ibanwe kwa moto na mgandamizo kiwandani. Kiwanda kinachotafuta bei kinaiba hapo kwenye gundi kwa sababu mnunuzi hawezi kuiona. Cha kufanya dukani, shika shuu geuza ubavu, angalia mstari wa gundi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukiona uwazi hata wa kupitisha wembe, acha. Ingiza kucha au ncha ya kisu kwenye kona, ikiinuka acha. Linganisha shuu mbili za seti moja, unene wa lainingi uwe sawa, nimeshakuta moja nene moja nyembamba kwenye boksi moja.

Na kwa mteremko mrefu, hata shuu iwe nzuri namna gani, shuka na gia ya pili au ya kwanza injini ikushike, breki uibonye na kuiachia ipate kupumua. Nyie mnaozima injini mshuke na nyutro kuokoa mafuta, hayo mafuta mnayookoa hayalipi hata bandeji.

Kitu kimoja kingine kwa mafundi wenzangu: acheni kupuliza vumbi la drami kwa mdomo au kompresa. Kwa macho huwezi kujua kama lainingi ina asbesto, na asbesto ikiingia kwenye mapafu haitoki, saratani yake inakuja miaka mingi baadae. Lowesha kwa maji futa na tambara, basi.

Mama Boda Tengeru

Habari zenu wanangu. Mimi ni mmiliki, nina pikipiki chache ziko barabarani Tengeru na Usa River. Nimesoma yote na naomba niseme upande wetu, maana mabosi tunaonekana wabahili. Hela ya speya natoa, na natoa ya kifaa kizuri. Tatizo ni safari ya hiyo hela mpaka ifike kwenye pikipiki. Unatoa ya beringi nzuri, kijana anakubaliana na fundi wanafunga ya chini, risiti inaandikwa ninayotaka kuiona mimi.

Sasa nimeweka utaratibu. Kifaa cha zamani kirudi nyumbani, boksi la kipya lirudi nyumbani, na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, sio kile kikaratasi cha mkono. Na siku hizi siandiki tena naomba beringi ya gurudumu la nyuma la Boxer, naandika namba. Fundi mmoja mstaarabu alinifundisha kusoma namba iliyoko kwenye beringi ya zamani naipeleka dukani kama ilivyo. Naomba fundi wa Mbauda uwafundishe na wengine, hasa kina mama wenzangu tunaomiliki, tunaibiwa kwa sababu hatujui majina ya hivi vitu.

Fundi wa Mbauda

Mama shikamoo. Huo utaratibu wako ni wa kuigwa, nami nawaambia mafundi wenzangu tusiuchukie, fundi anayefanya kazi safi hana sababu ya kukataa kurudisha kifaa cha zamani.

Namba za beringi ziko hivi. Ukiona 6202 ujue tundu la ndani ni milimita 15, nje 35, unene 11. 6301 ni 12 ndani, 37 nje, unene 12. 6203 ni 17, 40 na 12. Hizo namba ni za dunia nzima, awe Mswidi, Mjapani, Mhindi au Mchina vipimo ni hivyohivyo, kwa hiyo hakuna cha beringi ya Boxer wala beringi ya TVS, muuzaji akikwambia hii spesho ya Boxer ndo maana bei iko juu, mwonyeshe namba. Baada ya namba kuna herufi. 2RS ina raba pande zote mbili, ZZ ina vibati vya chuma. Kwa vumbi letu la Muriet na Olasiti na tope la masika, kwenye gurudumu taka 2RS.

Kupima feki: SKF, NSK, NTN, Koyo ndo zinaigwa kila kona. Angalia maandishi, yawe yamechongwa safi na yanafanana na ya kwenye boksi, sio wino unaofutika kwa petroli. Zungusha kwa kidole karibu na sikio, isiwe na mchanga ndani. Shika pete ya ndani itikise, isilegee kupita kiasi. SKF wana programu yao ya simu ya kuhakiki, unapiga picha beringi na boksi unatuma wao wenyewe wanakujibu. Na bei ikiwa chini sana kwa jina kubwa, hapo hapahitaji hata kipimo.

Duka Ngarenaro

Naomba nami nichangie, niko upande wa kuuza. Naona wenye maduka tunapigwa mawe hapa. Ukweli ni kwamba mi nikiweka shelfuni shuu nzuri na shuu ya chini, kumi wakija wengi wao wanaondoka na ya chini bila kuuliza chochote zaidi ya bei. Mtaji wangu sio mkubwa, mali nachukua Kariakoo, na yule wa Kariakoo ndo anayejua alichoagiza. Wakati mwingine mzigo wa mwezi huu na wa mwezi ujao una boksi lilelile na kilichomo ndani kimebadilika. Mimi siuzi feki ya jina la mtu makusudi, lakini sina maabara.

chalii_wa_unga

Mkuu unaongea vizuri ila kwenye ukuta wa duka lako si pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi? Sasa mi nikigundua mbovu niende wapi.

Fundi wa Mbauda

Duka Ngarenaro nakushukuru umejitokeza, wengi wanasoma wanapita. Uliyosema kuhusu mzigo kubadilika na boksi kubaki lilelile ni kweli tupu na ndo maana nasema tukague kifaa kila mara, tusiishi kwa kumbukumbu ya kifaa tulichonunua mwaka juzi.

Ila kuna unachoweza kufanya bila maabara. Weka tupa, futi na venia ya kupimia unene pale kaunta, mruhusu mteja afungue boksi apime mbele yako kabla hajalipa. Ukimpa mteja nafasi hiyo, yeye ndo atakuletea wenzake. Na wewe ukirudi Kariakoo, ule mzigo ulioshindwa kaunta mrudishie aliyekuuzia umwambie sababu. Mwagizaji haogopi uzi kama huu, anaogopa maduka ya mikoani yakiacha kuchukua mali yake.

Kwa swali la chalii la uende wapi. Kuna Tume ya Ushindani, FCC, hawa ndo wanaoshughulika na bidhaa bandia, wanatumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 na wana uwezo wa kukamata na kuteketeza. Kuna TBS, wao ni viwango, mzigo kutoka nje unatakiwa ukaguliwe huko huko unakotoka kabla haujapakiwa, huo utaratibu upo tangu 2012. Kwa hiyo ukikuta NGK ya uongo unaongelea FCC, ukikuta brek shuu yenye jina lake yenyewe lakini inabanduka unaongelea TBS. Nenda na risiti na kifaa. Bila risiti kesi yako inakuwa ngumu, ndo maana mama wa Tengeru anasisitiza EFD.

Umeme Sakina

Mi nafanya umeme wa pikipiki, niongezee upande wangu. Koili ya chaji, ile sahani ya chini ya magneto, ndo sehemu ya wizi mkubwa kwa sasa. Waya wa shaba na waya wa alumini uliopakwa shaba ukiuangalia kwa macho ni kitu kimoja. Kwangua mwisho wa waya kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona fedha chini ya wekundu, ni alumini. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa unene uleule, kwa hiyo inachemka zaidi, vanishi inaungua, chaji inapotea, wewe unaanza kulaumu betri. Njia nyingine ni uzito, ya shaba ni nzito waziwazi ukizishika mbili mkononi.

Regileta: baada ya kufunga mpya, weka mita kwenye betri, washa, kanyaga resi. Isome kama volti 13.5 mpaka 14.5. Ikipita 15 toa haraka, itaua betri na balbu na CDI, kile kiboksi cha kuendesha cheche ya plagi. Nimekuta mpya za boksi zinatoa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukifungiwa regileta na fundi hana mita, umefungiwa kamari.

Plagi sasa. NGK ya kweli ile washa yake ya chini, pete ya chuma, haichomoki kirahisi, ya feki ukiizungusha kidogo inatoka mkononi. Pini ya kati na ule mkono wa juu vimekaa katikati sawasawa, nyuzi laini hazina makovu. Na jamani namba, kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, 8 ni ya baridi kuliko 7. Watu wanafunga yoyote inayoingia kwenye tundu. Ya moto kupita kiasi inaweza kutoboa pistoni, ya baridi kupita kiasi inajaa masizi.

Mzee wa Marangu

Vijana wangu salamu. Nina pikipiki ya zamani ya Kichina, aina ya zile zilizoiga Honda CG125. Inakula oili, inatoa moshi wa bluu asubuhi. Fundi wa hapa anasema ninunue blok kiti nzima, silinda, pistoni na ringi, dukani Mbuyuni kuna tatu, bei tofauti kabisa, zote zimeandikwa CG125. Nichukue ipi? Na kijana mmoja ananiambia nichonge tu ya zamani.

Fundi wa Mbauda

Mzee wangu shikamoo. Hapa ndo kwenye injini niliposema kuna maneno mengi.

Honda CG125 ilitoka 1976, injini ya pushirodi, ngumu, rahisi kutengeneza, ndo maana viwanda vingi vya China viliichukua kama mfano. Leo speya zake ziko kila kijiji na hilo ni zuri. Ubaya wake ni kwamba kiwanda kimoja kimeiga cha mwenzake, na yule naye kaiga cha mwingine, vipimo vinasogea kidogo kidogo kila hatua. Kwa hiyo maandishi ya CG125 kwenye boksi yanakwambia itaingia, hayakwambii imekaaje.

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza kama ni silinda kweli. Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha alafu unakata pikipiki ikipata moto, mara nyingi ni sili za valvu, kitu cha hela ndogo sana. Moshi wa bluu unaoendelea ukiwa unavuta mlima na mzigo, hapo ni ringi na silinda. Mwambie fundi atofautishe hivyo viwili ndo afungue.

Ikiwa ni silinda, mimi nachonga ile ya zamani kama ukuta wake ni mnene bado, hasa kama ni ile iliyotoka na pikipiki kiwandani. Chuma chake kimeshapata moto na kupoa miaka yote hiyo, kimetulia. Blok kiti mpya ya bei ya chini ukuta wake unaweza kuwa laini. Unanunua pistoni ya kuzidi, zinakuja milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 zaidi, mchongaji anachonga kufuata pistoni uliyomletea mkononi, sio namba iliyoandikwa juu yake. Hilo la mwisho sisitiza mzee, pistoni za kopi mbili zote za 0.50 zinaweza zisilingane.

Pistoni yenyewe ndo utoe hela. Nzuri ni alumini iliyochanganywa na silikoni ili isitanuke sana ikipata moto. Ya bei ya chini inatanuka, na ukipandisha kutoka Himo kuja huko kwako Marangu gia ndogo, injini imechemka, inabana kwenye silinda inakwama. Dukani huwezi kuona silikoni kwa macho, kwa hiyo hapa ndo pa kununua jina la mwenye kiwanda kutoka kwa mtu unayemwamini.

Ringi zikifika usikubali zifungwe kabla hazijapimwa. Fundi aisukume ringi moja ndani ya silinda kwa kutumia kichwa cha pistoni ikae sawa, alafu apime uwazi wa ncha zake kwa fila geji. Kwa silinda ya ukubwa huo mi nataka uwazi kama 0.2 milimita, zaidi kidogo sio mbaya. Ncha zikigusana, ikichemka itavunjika ikachana ukuta mpya wote. Na ringi zina alama juu, alama iangalie hedi.

Mama Boda Tengeru

Kabla hatujaondoka, tairi fundi. Zangu zinapasuka ubavuni zikiwa na meno bado.

Fundi wa Mbauda

Mama, angalia kwenye ubavu kuna namba nne kwenye kiduara kirefu, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba inazeeka hata ikiwa imening'inizwa dukani, tena ikining'inizwa nje juani Tengeru inazeeka mara mbili. Tairi ikiwa na miaka mitano haijafungwa, iache hata kama inang'aa, kuna wanaozipaka dawa.

Af soma uzito. Ya nyuma ya Boxer nyingi ni 3.00-17, pembeni utaona mfano 50P. Hiyo 50 maana yake kilo 190 kwa tairi moja. Boda yenye abiria wawili na gunia inagusa hapo haraka. Ukinunua yenye namba ndogo kuliko iliyokuja na pikipiki, ubavu ndo unaolipa. Na upepo vijana wanauweka kwa kubonyeza na kidole gumba, nunua geji moja ikae kwako, kila Jumatatu wakija na hesabu pima.

mangi_wa_pasua

Fundi, shuu nilizo nazo sasa hivi zina uwazi kona moja kama ulivyosema, nimetoka kuzikagua. Nyingine mpya niko nazo hapa, jina silijui. Nizifunge?

Fundi wa Mbauda

Usifunge. Piga picha ubavu, mstari wa gundi uonekane, na picha ya kilichogongwa kwenye alumini, weka hapa tuone wote. Na hiyo pikipiki isipande Kibosho mpaka tumalizane. Mzee wa Marangu na wewe usinunue blok kiti kwanza, tuletee majibu ya moshi, asubuhi na mlimani.